Funguo Thelathini, Paa Moja

Watu wengine wakiamka asubuhi hutafuta kazi. Funguo alikuwa akitafuta mtu anayetazama juu. Mwenyeji wa mjini, alipenda kusema, hutazama chini asikanyage uchafu, au mbele asigongwe. Anayetazama juu, anayesoma vibao na kuhesabu ghorofa huku kakumbatia mkoba kwa mikono miwili, huyo kashuka juzi na hajui atakaa wapi. Na asiyejua atakaa wapi ni chakula cha dalali.

Maana Funguo alikuwa dalali wa nyumba. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na shati jeupe moja la kazi, kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya heshima tu, isiyo na wino, na kiunoni shada la funguo thelathini lililolia kila alipopiga hatua. Jina lake la kuzaliwa lilikwishasahaulika, hata yeye mwenyewe ilibidi afikiri kidogo akiulizwa. Katika funguo hizo thelathini, uliofungua mlango ulikuwa mmoja, wa nyumba anayolala. Zilizobaki alizinunua kwa mafundi vyuma, nyingine aliokota, na moja alirithi kwa babu yake pasipo maelezo. Lakini mteja akisikia shada lile linamtangulia mwenyewe, husema moyoni: huyu bwana ana nyumba za watu mkononi.

Asubuhi moja alikuwa kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli, anajifanya anasoma tangazo la kuzima moto, ambalo kwa sasa alilijua kwa moyo. Akasikia sauti ya mwanamke.

"Samahani, binti. Mimi ni mgeni hapa. Mtaa gani ni mzuri kuishi?"

Lo! Masikio ya Funguo yalisimama. Aliyeuliza alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, kutoka nchi ya mbali, nywele fupi zenye mvi, viatu vya kutembelea, na daftari gumu lililofungwa kwa mpira. Kiswahili alikijua, ila alikisema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Binti wa mapokezi alifungua mdomo ajibu, lakini Funguo alifika kabla ya jibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mshauri wa makazi," akasema Funguo, na cheo hicho kilikuwa na umri wa sekunde nne. "Nimesikia swali lako, mama, nikasisimka. Wageni wote huuliza nyumba. Wewe umeuliza mtaa! Hilo ni swali la mtu mwenye akili zake."

Kilemba cha ukoka hicho, na alimvisha bila kumpima kichwa. Mgeni alimtazama kuanzia kalamu hadi funguo. Akaeleza kwamba ni mhandisi, kaja kwa kazi ya miaka miwili, kampuni imemlipia hoteli wiki mbili tu, na baada ya hapo atafute pake. Kisha akafungua daftari, akachana ukurasa mmoja, akaanza kuandika.

"Mimi napenda karatasi," akasema. "Utanionyesha mitaa mitatu, kila mtaa nyumba moja. Nitachagua mwenyewe. Ada yako atakulipa mwenye nyumba nitakayemchagua. Mimi sikulipi kitu."

"Haki kabisa!" akasema Funguo, akatia sahihi kwa kalamu ya heshima, haikuandika, akachukua ile nyingine.

Utasema, dalali gani anafurahia kutolipwa na mteja? Subiri. Kule mtaa wa juu, kwenye kuta ndefu na miti iliyokatwa kwa mkasi, kulikuwa na nyumba nyeupe ambayo mwenyewe alikuwa ng'ambo kwa miaka mitatu. Ilibaki na mlinzi mmoja, mtu mpole mwenye redio, na funguo za kweli. Funguo alikwishakula njama naye. Mgeni akija, Funguo atakuwa ndiye msimamizi wa familia. Atapokea kodi ya mwaka mzima mkononi, atoe risiti yenye muhuri uliochongwa kwenye kandambili, kisha ale kona. Kwa mlinzi alisema watagawana nusu kwa nusu. Kwa nafsi yake alisema tutaona.

Tatizo lilikuwa moja. Mtaa wa juu ulikuwa umekufa. Ungeweza kusimama barabarani tangu asubuhi hadi jioni usisikie ila mbwa, na bomba lilikuwa halijatoa maji tangu mwezi uliopita. Wageni, Funguo aligundua zamani, huogopa kelele, lakini ukimya nao huwatia wasiwasi. Kwa hiyo mtaa ilibidi upambwe. Alihitaji majirani wa kukodi, na lori la maji la kujaza tangi, na mbwa mpole wa kutembezwa na mtu aliyevaa kaptura safi. Yote hayo yalitaka mtaji, na Funguo mfukoni alikuwa na kalamu mbili.

Hapa ndipo inabidi tumtaje mkewe, na naomba tumtaje kwa adabu.

Mtaani walimwita Bi Cherehani. Nyumba waliyoishi, kule mtaa wa bondeni, ilikuwa yake yeye, aliachiwa na shangazi yake. Vyumba viwili vya mbele, kimoja cha nyuma, stoo, na paa lililochoka. Kila mvua ikinyesha, Bi Cherehani alikuwa akihamisha cherehani yake kutoka pembe hii kwenda ile kama anayecheza bao na mbingu, na kila mwaka Funguo alikuwa akiapa kwamba mwaka huu, mke wangu, mwaka huu ndio mwaka. Viapo vilikuwa kumi na moja. Basi mwaka huu mama wa watu aliacha kusubiri. Alishona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu, akanunua mabati, mawili leo, matatu mwezi ujao, hadi yakatimia ishirini. Kila moja alilipiga namba kwa chaki yake ya fundi, akayalaza stoo na kuyafunika gunia. Kisha, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, bila kupandisha sauti, akamwambia mumewe:

"Mvua ya mwaka huu ikinikuta sina paa, wewe utanikuta sina mume."

Angepiga kelele, Funguo angelala usingizi. Kwa kuwa hakupiga, hakulala siku mbili. Alimpenda mkewe, huo ndio ukweli, na aliogopa kufukuzwa kuliko alivyoogopa polisi. Ila mtu mwenye ujanja akishikwa na hofu hafanyi jambo la maana, hufanya ujanja zaidi. Mkewe alipokwenda kupeleka sare shuleni, yeye alikodi mkokoteni, akabeba mabati yote ishirini, akayaweka rehani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Chini ya gunia akapanga kreti tupu za soda. "Nimeazima tu," alijiambia njiani. "Wiki moja. Nitayarudisha na misumari juu." Alijiambia kwa ufasaha kiasi kwamba alijiamini, na kujiamini mwenyewe ni kosa ambalo dalali mkongwe hatakiwi kulifanya.

Siku ya kuzunguka ikafika. Sasa, madalali wana utaratibu wao. Nyumba unayotaka kuiuza huionyeshi kwanza. Kwanza humpeleka mteja mahali pa kukimbia, halafu mahali pa kukimbia zaidi, ndipo umfikishe pale ulipokusudia akiwa hoi, aone pepo.

Mahali pa kukimbia palikuwa mtaa wa kati, ghorofa ya sita isiyo na lifti, juu ya duka la spika. Funguo alitegemea ngazi zitamvunja moyo mgeni. Alipofika juu akihema na shati limemganda mgongoni, mgeni alikuwa dirishani zamani, kafungua daftari.

"Nikipiga kelele hapa," akauliza, "nani atakuja?"

"Hapa, mama?" Funguo alijipepea kwa karatasi ya mkataba. "Hapa ukipiga kelele watadhani ni wimbo mpya."

Mgeni akaandika.

Mahali pa kukimbia zaidi, Funguo alipachagua kwa ubahili, na ubahili ndio uliomponza. Mtaa wa bondeni ulijitosheleza kwa kero: mashine ya kusaga inayonguruma kutwa, fundi wa kuchomelea anayerusha cheche njiani, akina mama wanaozungumza kutoka dirisha hili hadi lile. Hakuna wa kulipwa. Na nyumba mbovu ya kuonyesha, si anayo ya kwake? Siku hiyo mkewe huwa sokoni. Atafungua, atamtisha mgeni dakika tano, watoke.

"Mama, nikuandae," akasema mlangoni, akitafuta ufunguo katika shada. "Mwenye nyumba hii ni mwanamke mkali, mchoyo, mdomo kama kiwembe. Mumewe, masikini wa Mungu, mtu mstaarabu sana, anaishi humu kama mfungwa."

Akaingiza ufunguo. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, ufunguo ulifungua mlango mbele ya mteja. Na ndani, cherehani ilikuwa inatembea.

Bi Cherehani hakwenda sokoni. Alipata oda ya haraka. Aliinua macho, akamtazama mgeni, akamtazama mumewe, akalitazama daftari, akakata uzi kwa meno. Miaka kumi na moja ya ndoa ilimtosha kuelewa mambo yote kabla uzi haujadondoka.

"Watu hupiga hodi kabla ya kufungua, dalali," akasema. "Karibu, mama mgeni. Kaa. Na wewe dalali endelea, ulikuwa unasema mume wangu masikini."

Funguo alirudi nyuma hatua moja. "Samahani, mama mwenye nyumba. Tunapita tu."

Mgeni alikuwa anatazama juu, kwenye tundu zilizopitisha mwanga kama nyota za mchana. "Paa hili linavuja?"

"Hili si paa, mama, ni chujio," akadakia Funguo.

"Kweli linavuja," akasema Bi Cherehani. "Lakini wiki ijayo naezeka. Mabati ninayo. Njoo nikuonyeshe."

"Mama mgeni hana muda wa kuangalia mabati!"

"Muda ninao," akasema mgeni, akainuka.

Wakaenda stoo. Funguo aliwafuata. Bi Cherehani alishika ncha ya gunia kwa fahari, kama anayemfunua bibi harusi, akavuta. Kreti za soda zikawatazama. Bi Cherehani aliinama, akaokota kipande kidogo cha chaki sakafuni, akakigeuza kwenye vidole. Kisha akageuka, akamkazia macho mumewe.

"Mwizi kapita," akasema.

Na Funguo, Mungu amsamehe, hakuweza kuizuia kazi yake. "Unaona, mama?" akamwambia mgeni. "Ndiyo maana nilikuambia kuhusu mtaa huu."

Salaale! Hata mimi ninayesimulia niliona haya kwa niaba yake.

"Dalali anaujua mtaa huu vizuri sana," akasema Bi Cherehani polepole. "Kunywa maji, mama mgeni, jua kali."

Mgeni alikunywa, akashukuru, akauliza swali lake. "Nikipiga kelele hapa, nani atakuja?"

"Hapa huhitaji kupiga kelele. Ukichelewa tu kufungua dirisha asubuhi, wanakuja kuuliza."

"Umesikia? Hakuna faragha hata kidogo!" akasema Funguo, akimsukuma mgeni kwa heshima kuelekea mlangoni. Alipopita, mkewe alimnong'oneza bila kumtazama: "Mvua ni wiki ijayo, dalali. Mabati yangu."

Mtaa wa juu ulikuwa maridadi. Maji yalitoka bombani kwa nguvu. Mbwa wa kukodi alipita akifuatwa na kinyozi aliyevaa kaptura safi. Kwenye baraza ya jirani alikaa mwalimu mstaafu, kalipwa kwa saa, na gazeti ambalo Funguo alimnunulia. Aliinua kofia yake kama alivyofundishwa.

"Karibu mtaani, mama. Hapa tunaishi kama ndugu."

"Asante. Nikipiga kelele, utakuja?"

"Mara moja!"

"Unakaa nyumba hii?"

"Hapa hapa, mama. Mpaka saa kumi."

Funguo alikohoa kwa nguvu. "Anamaanisha hukaa barazani mpaka saa kumi. Baadaye huingia ndani, mzee huyu, kifua."

Mgeni aligonga tangi la maji kwa kiwiko, akasikiliza, akaandika. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nyumba nzuri. Nipe siku tatu."

Siku tatu hizo Funguo hakurudi nyumbani. Alilala kwenye kibanda cha mlinzi, wakigawana shuka na redio. Mchana alihesabu kichwani namna atakavyopokea kodi, atakomboa mabati, atampelekea mkewe na kanga mbili za kumlainisha. Usiku hakuwa jasiri hivyo. Alizoea kulala akisikia cherehani, na mtaa wa juu hauna sauti ya kumbembeleza mtu. Kila alipofumbua macho aliona mawingu yamesogea, meusi, yamenenepa.

Siku ya nne akaenda hotelini. Binti wa mapokezi hakumwacha hata afike kwenye kaunta.

"Yule mama kahama leo alfajiri. Amepata nyumba."

"Nyumba gani? Mtaa gani?"

"Wewe si ndiye mshauri?"

Funguo alirudi mtaa wa juu mbio, funguo zote thelathini zikipiga kelele. Labda kaja mwenyewe na mizigo, alijifariji. Mlinzi alimfungulia akiwa na uso wa mtu mwenye habari.

"Alikuja juzi, ndiyo, niliogopa kukuambia. Ulipokuwa umekwenda kuoga. Peke yake, kwa miguu. Akasimama pale getini, akashika kichwa, akaanguka."

"Akaanguka?"

"Puu! Chini."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikafunga kidirisha cha geti. Si wewe uliyeniambia watu wasijue kama nipo?"

Funguo alishika kichwa chake mwenyewe. "Majirani je?"

"Majirani gani, ndugu yangu? Mimi hapa mwaka wa tatu, majirani nawaona kwenye vioo vya magari. Gari moja lilipita likampigia honi asogee. Halafu akapita mwalimu, alikuwa anakuja kudai posho ya chai. Nikamwambia kwa kidirisha, Mwalimu, msaidie huyo mama. Akasema saa zake ziliisha siku ile."

"Kisha?"

"Kisha mama akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akaandika kwenye daftari, akaenda zake. Tena anatembea vizuri tu."

Funguo hakuelewa bado, lakini mtu aliyewapiga wenzake changa la macho miaka yote huitambua harufu yake ikimjia yeye. Na kichwani mwake ulibaki mtaa mmoja tu. Akashuka bondeni, mawingu yakimfuata kwa nyuma.

Alisikia nyundo kabla hajaiona nyumba. Mafundi wawili walikuwa juu ya paa, na paa lilikuwa jipya, linang'aa, hata namba za chaki zilionekana bado: tatu, saba, kumi na moja. Chini ya ngazi alisimama mgeni na mkebe wa misumari, akiwapa mafundi. Barazani, Bi Cherehani alikuwa anapindisha pazia la rangi ambayo Funguo hakuwahi kuiona nyumbani kwao.

Funguo alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Mama mgeni! Umepotea njia?"

"Hapana," akasema mgeni. "Nimefika."

"Nimempangisha vyumba vya mbele," akasema Bi Cherehani bila kusimamisha sindano. "Kodi ya mwaka, mbele ya mashahidi. Mwenye mashine na fundi wa kuchomelea."

"Lakini... kwa nini hapa?"

"Alianguka," akasema mkewe, na hapo kicheko kilimtoka. "Pale, mbele ya mashine. Nikasikia mashine imezimwa! Mashine ile haijazimwa mchana tangu tulipomzika shangazi. Kutoka nje, nakuta mtu kamshika mikono, mtu kamshika miguu, akina mama wanagombana, huyu anataka amwagiwe maji, huyu anataka apepewe. Kuna aliyeleta godoro. Godoro zima, bwana! Nikasema mleteni kwangu. Nikafunga mlango, nikamwambia: mama, umeanguka vizuri sana, ila umechagua mahali pasipo na mawe."

"Nimehamia miji saba," akasema mgeni, naye anacheka. "Hajawahi mtu kunigundua. Nyumba haiwezi kuniambia kitu, na dalali ananiambia vingi mno. Kwa hiyo huwa naanguka."

"Huo ni utapeli!" akasema Funguo, na aliumia kwelikweli. Miaka mingi katika fani, na hajawahi kufikiria kuanguka.

"Mimi nimelala na dalali miaka kumi na moja," akasema Bi Cherehani. "Mtu anayeanguka kwa mpango namjua hata akiwa angani."

"Na mabati? Umeyapata wapi?"

"Nilikwenda duka la vifaa kuuliza bei upya. Nikakuta mwandiko wangu umejipanga ukutani, moja hadi ishirini. Nikamwambia mwenye duka achague, anirudishie mali yangu au niuite mtaa. Kayaleta mwenyewe kwa mkokoteni. Sasa anakutafuta wewe, na hajacheka."

Funguo alitazama kulia na kushoto. Kisha, kwa kuwa mtu akizama hushika chochote, alichomoa karatasi mfukoni. "Vizuri! Lakini mkataba upo! Sahihi yake hii, yangu hii. Mgeni amepata nyumba katika mitaa niliyomwonyesha mimi. Ada ya dalali italipwa na mwenye nyumba!"

Bi Cherehani alichukua karatasi, akaisoma hadi mwisho, akaikunja.

"Mwenye nyumba ni mimi," akasema. "Sikatai. Mpangaji umeniletea wewe, na kazi ya mtu hailiwi bure."

Akaingia ndani. Moyo wa Funguo ulipanda. Mkewe akarudi na bati moja, akaliegemeza ukutani mbele yake. Lilikuwa na namba ishirini.

"Yametosha kumi na tisa. Hili lako."

"Mke wangu..." Safari hii hakuwa anaigiza. "Nisamehe. Nilitaka kukuezekea. Naapa."

"Kiapo cha kumi na mbili hicho."

"Nitalala wapi mimi?"

"Unaniuliza mimi?" Bi Cherehani alivuta pazia likanyooka. "Mshauri wa makazi si wewe?"

Akaingia, mgeni akamfuata, mafundi wakashuka na ngazi yao. Tone la kwanza likaanguka juu ya shati jeupe la kazi.

Funguo alisimama pale na bati lake, akawaza kwa kasi ya mtu aliyebakiwa na dakika moja. Mgeni asiye na ndugu hapa kaanguka akapata godoro. Yeye je, mwenyeji, mkwe wa mtaa? Alilaza bati chini kwa uangalifu. Akashika kichwa. Akayumba kulia, akayumba kushoto, akaanguka puu mbele ya mlango wake.

Mashine ya kusaga iliendelea kunguruma. Fundi wa kuchomelea aliinua miwani yake myeusi, akatazama, akaishusha. Mama mmoja aliyekuwa anawahi kuanua nguo alimkaribia, Funguo akafumba macho vizuri zaidi.

"Ni Funguo huyo," akasema mama. "Atainuka." Akamruka, akapita.

Dirisha la mbele likafunguka.

"Dalali!" aliita Bi Cherehani. "Umechagua mahali pasipo na mawe!"

Mtaa mzima uliangua kicheko, kutoka dirisha hili hadi lile. Mgeni alichungulia, akaandika kidogo kwenye daftari, akafunga dirisha kwa sababu mvua sasa ilikuwa ya kweli. Funguo alibaki chini dakika mbili zaidi, endapo kuna mtu kakumbuka godoro. Hakuna. Akalivuta bati namba ishirini, akajifunika, akajikunja chini yake na shada lake la funguo. Mvua ililipiga bati lake moja, na upande wa pili wa ukuta iliyapiga mabati kumi na tisa. Chini ya hayo kumi na tisa alisikia cherehani inatembea mahali pake palepale, na safari hii hakuna aliyeihamisha.